Dumu la Dawa

Siku ya Jumapili upepo uliezua nyumba tisa katika kijiji kimoja jirani na Kiomboi. Waliokosa paa walihamia madarasa ya shule. Mtendaji wa kijiji akaomba kila kaya itoe chochote: vyombo, nguo, mablanketi.

Felista hakuwa na mkono wa birika. Alitoa khanga mbili na dumu jeupe lililokaa miaka mingi nyuma ya ghala. Mumewe, Melkizedeki, aliwahi kumwambia kuwa dumu hilo ni la dawa. Felista akafikiri ni dawa ya maji, ile wanayogawiwa wakati wa kipindupindu. Chombo gani kingekuwa safi kuliko hicho? Hata hivyo alilisugua kwa mchanga, akalisuuza kwa sabuni mara tatu, akalinusa. Halikunuka kitu. Akalipeleka ofisini kwa moyo mweupe.

Jumanne mchana mumewe alirudi kutoka mnadani.

“Mama Leah, lile dumu jeupe liko wapi?”

“Nimewapa walioezuliwa nyumba. Nimelisugua mpaka linang’aa.”

“Lile la dawa?”

“Si dawa ya maji?”

“Dawa ya kupe! Ya kuogeshea ng’ombe! Si nilikwambia?”

“Hukuniambia dawa ya nini!”

Hapakuwa na muda wa kugombana. Felista alitoka mbio hadi ofisini.

“Dumu jeupe? Kapewa Dorika leo hii, yule mwenye mapacha,” mtendaji alisema.

Mapacha wale hawakuwa wametimiza hata miaka miwili. Njia nzima hadi shuleni Felista aliwaona mawazoni wamelala, wanaitwa, hawaamki. Alimwomba Mungu kwa sauti mpaka wapita njia wakamshangaa.

Nyuma ya darasa, Dorika alikuwa anapoza uji. Dumu lilikuwa kando yake, maji yamefika nusu. Pacha mmoja alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili.

Felista alikipiga kikombe kikaruka. Kisha akaipiga teke sufuria ya uji.

“Umerukwa na akili?” Dorika alipiga kelele. “Huo ndio unga wetu wa mwisho!”

“Dumu lilikuwa na sumu ya kupe. Nimekupa sumu, mdogo wangu. Wamekunywa?”

Dorika aliwakumbatia watoto. “Sijui! Kikombe kilikuwa kinaenda mdomoni!”

Emiliana, mhudumu wa afya wa kijiji, alisikia kelele akaja. Aliwanawisha watoto kwa maji mengine na sabuni.

“Twendeni zahanati sasa hivi,” alisema. “Msiwatapishe, wala msiwape maziwa. Baba Leah aambiwe alete jina la hiyo dawa.”

Walikaa zahanati mpaka jioni. Kila pacha mmoja alipopiga miayo, Felista alisimama. Mwishowe mganga akasema hawana dalili yoyote ya sumu. Felista alilia kama mtoto.

“Lakini nililiosha,” alisema. “Halikunuka!”

“Uliondoa harufu, Mama Leah,” Emiliana alimjibu. “Plastiki inanyonya sumu, na sabuni haiitoi. Dumu la dawa ya mifugo au ya shamba halirudi jikoni kamwe. Litoboe lisitumike tena, umkabidhi afisa ugani. Usilichome, usilitupe karibu na kisima.”

“Na vitu vingine vya kutoa?”

“Sufuria sugua, suuza, anika juani. Nguo fua, zikauke vizuri, pekua mifuko. Chombo usichojua kiliwekwa nini, usimpe mtu.”

Kesho yake Felista alimpelekea Dorika unga na ndoo yake mwenyewe ya maji ya kunywa. Dorika alivipokea, lakini aliiosha ndoo mbele yake.

Michango ilipoitishwa tena, Felista alisimama mlangoni pa ofisi. Mzee Antipasi akaja na dumu la bluu.

“Shikamoo, baba. Liliwekwa nini hili?”

“Marahaba. Dawa tu, mwanangu.”

“Dawa ya nini?”

Mzee alikuna kichwa. Hakukumbuka.

Felista akachukua msumari. Dorika, aliyekuwa akisubiri mgawo, mapacha wakiwa wamemshika gauni, akamletea jiwe la kugongea.