Vioo katika Mbolea ya Virginie

Virginie na mume wake Melchior walilima maharagwe kule Musienene. Nyuma ya nyumba walikuwa na migomba, na katikati ya migomba kulikuwa na shimo. Maganda, majivu, mavi ya mbuzi, vyote viliingia humo, vikaoza, vikawa mbolea. Pande zile kila nyumba ilifanya hivyo, na ilifanya vizuri.

Kosa lilikuja na vita. Zamani kamyo ya bia, lori kubwa, ilipanda kutoka mji wa Butembo, ikashusha kreti zilizojaa na kurudisha chupa tupu. Vita vikafunga barabara, kamyo ikapotea. Lakini askari waliopita hawakukosa kinywaji hata kidogo! Chupa zao zilizagaa kila mahali. Virginie, mama wa usafi, aliziokota akazitupa shimoni pamoja na maganda. Alifikiri udongo utazila pole pole, kama ulivyokula mengine yote.

Wapi! Udongo haukula hata moja. Zilivunjika tu. Mvua za kupanda zilipokaribia, Melchior aliingiza mkono katika mbolea ajaze kitunga, na kioo kikampasua kiganja. Muuguzi alimshona, akamkataza kushika jembe msimu mzima.

Virginie aliogopa, kisha hasira ikampanda. Shamba lao lilikuwa limechoka. Bila mbolea lisingetoa maharagwe, na bila maharagwe watoto wangelala njaa. Majirani walimshauri afukie shimo, achimbe lingine. Melchior naye alikuwa upande wao.

"Hapana," Virginie akamwambia. "Nikifukia, ni kuachia batoto yetu visu mu udongo. Nitaondoa vyote."

Tshibangu, mwalimu wa sayansi kutoka mkoa wa mbali wa Kasai ambaye vita vilimzuia kurudi kwao, aliishi jirani. Aliposikia, alileta wavu wa waashi wa kuchekechea mchanga. Alimwambia Virginie avae buti na afunge mikono kwa vipande vya gunia. Wakaanza kuchekecha.

"Mama Virginie, kioo hapana oza," mwalimu alisema. "Hata batoto ya batoto yako batakikuta humu. Lakini kioo hapana choka pia. Ukikiyeyusha, kinakuwa chupa mupya, tena na tena."

Akaeleza kwamba kutengeneza kioo kwa mchanga kunataka moto mkali sana. Kioo cha zamani kinayeyuka kwa moto mdogo zaidi. Kwa hiyo kuni na mafuta vinaokolewa, moshi unapungua, na vilima havichimbwi ovyo kwa ajili ya mchanga. Virginie akauliza kama auwashe moto huo jikoni kwake. Mwalimu akacheka, akasema ni kazi ya kiwanda, na viwanda viko mbali, ng'ambo ya mpaka. Ila njia ya Uganda ilikuwa bado wazi: mfanyabiashara Kasonia alileta chumvi kutoka huko, na kamyo yake ilirudi ikiwa na nafasi. Vipande vingeweza kwenda naye. Chupa nzima hazihitaji kuyeyushwa: zioshwe, zichemshwe, zijazwe tena. Lakini chupa iliyowekwa petroli au dawa ya shamba isiwekwe kinywaji kamwe.

Virginie alichekecha asubuhi, akachekecha jua likiwa kali. Wapita njia walimtania kwamba anatafuta dhahabu. Mvua ilipoanza, mbolea ilikuwa safi, na maharagwe yakaingia ardhini kwa wakati.

Kasonia alichukua magunia ya vipande, akamlipa kwa chumvi na sabuni. Katika chupa nzima Virginie alitia maji ya marakuja, matunda ya pasheni, akauza siku ya soko. Aliyerudisha chupa alipunguziwa bei, na zilirudi kweli. Wale waliomtania wakaja kuazima wavu.

Maharagwe yalikubali. Siku ya kuvuna, watoto wakiwa shambani peku, askari mmoja alisimama njiani, akanunua marakuja, akanywa yote. Kisha akainua mkono arushe chupa kwenye migomba, bunduki ikining'inia begani. Melchior akamshika mke wake nguo anyamaze.

Virginie akajitoa, akamwendea, akanyoosha kiganja.

"Papa, batoto yangu banatembea humo. Nipe."

Askari alimtazama. Akatazama watoto. Akashusha mkono, akampa chupa.

"Wasingya," Virginie akamshukuru kwa Kinande, akaenda kuiosha.