Vidole vya Fundi na Watoto wa Sungura

Cherehani ya fundi ilikuwa imefunikwa shuka. Macho yake yalikuwa yamefifia, na uzi ulikuwa umekataa kuingia kwenye tundu la sindano. Alijaribu miwani ya kila aina. Mwishowe akaiweka chini, akasema basi.

Sasa alishinda uani, karibu na kizimba cha sungura. Kazi iliyombakia ilikuwa hiyo: kuwalisha, kuwasafishia na kuwasemesha.

"Ungenisemesha mimi hivyo, ningekuwa nimenenepa," mkewe alimtania.

Sungura jike akazaa. Watoto wakafumbua macho, wakaota manyoya, wakaanza kurukaruka. Lakini mama yao alikonda. Fundi alipompapasa mgongo, aligusa mifupa mitupu. Roho ilimuuma.

"Wanamnyonya mpaka wanammaliza," alisema. "Nitawatenga."

"Si bado wadogo mno?"

"Na mama yao naye ni kiumbe, mke wangu. Apumzike kidogo."

Akawahamishia watoto kwenye boksi. Akawapa maziwa ya ng'ombe yenye sukari, kwani aliona mtoto hupenda kitamu. Akawakatia kabichi mbichi, ikichuruzika maji. Kila alipowanywesha, aliwalaza chali mkononi kama mtoto mchanga. Maziwa yakawatokea puani. Mapenzi yalikuwa tele, ila kazi yote ilikwenda kombo.

Haikuchukua muda, matumbo yakavimba. Wakaanza kuharisha. Asubuhi moja mkewe alimkuta mmoja amekufa kwenye kona ya boksi. Alisimama naye mkononi, asijue atamwambiaje mumewe. Alipomwambia, fundi alilisukuma boksi kando.

"Waliobaki wagawe," alisema. "Mtu asiyeuona uzi ataona nini? Mimi sasa ni wa kukaa tu."

Mkewe aliingiwa na hofu. Sungura hao wakienda, mumewe angelala akitazama ukuta. Hakubishana naye. Alitoka mbio mpaka kwa jirani.

Jirani huyo alikuwa bibi mifugo, mtaalamu wa kutibu wanyama. Mtaa mzima ulimwita Mama Vizimba. Alikuja na kikombe cha chai mkononi, akakiweka juu ya ukuta, akampapasa kila mtoto.

"Kaka, mbona umewaachisha kunyonya mapema hivi?"

"Nilimhurumia mama yao."

"Huruma yako naielewa. Lakini yeye alihitaji kuongezewa chakula, si kunyang'anywa watoto. Waache wanyonye mpaka wawe wanakula nyasi kavu vizuri wenyewe. Mwezi mmoja na nusu hivi."

"Basi niwarudishe."

"Jaribu."

Fundi akamweka mmoja kizimbani. Sungura jike akamsukuma, akampa mgongo.

"Maziwa yamekauka," alisema Mama Vizimba. "Kuanzia leo mama yao ni wewe."

"Hongera, mzazi," mkewe alisema, akacheka huku akijifuta machozi.

Mama Vizimba hakucheka sana. Alitaka kueleweka.

"Maziwa ya ng'ombe huwasumbua tumbo. Tafuta ya mbuzi. Yachemshe, yapoe mpaka yawe vuguvugu. Sukari hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata chembe! Chukua bomba la sindano, sindano yenyewe itolewe. Mtoto akae kwa miguu yake, tumbo chini. Dondosha tone pembeni mwa mdomo, alambe mwenyewe. Usimlaze chali tena, maziwa yataingia kwenye mapafu. Mpe kidogo kidogo, mara kadhaa kwa siku, na bomba lioshwe kila mara."

"Na majani?" aliuliza mke. "Nina mnanaa na shamari pale nyuma."

"Yote mazuri, lakini si leo. Anayeharisha hapewi kitu kibichi. Nyasi kavu na maji safi visikosekane kamwe. Wakishapona, osha mnanaa, ukung'ute maji, uanike kivulini unyauke. Anza na jani moja moja. Wakiuzoea, ongeza shamari. Kabichi sahau."

Fundi alitikisa kichwa. "Dada, nitajuaje kama wamepona? Mimi sioni."

"Nani amekuomba macho? Lete vidole."

Akamshika mkono, akauweka juu ya tumbo la mtoto mmoja.

"Huyu vipi?"

"Laini. Kama kitambaa cha flaneli."

"Na huyu?"

Fundi alikunja uso. "Limekaza. Kama turubai lililovutwa."

"Basi umeshajua kazi. Ukigusa flaneli, mlishe. Ukigusa turubai, niite upesi nimtibu. Usingoje kesho."

Mama Vizimba aliwatibu waliokuwa wagonjwa. Yule dhaifu kuliko wote hakupona, na fundi alimlilia waziwazi. Lakini safari hii hakusema wagawe waliobaki. Mkewe alivuta maziwa kwenye bomba na kupima kiasi. Fundi alishika, akapapasa, akadondosha. Kadiri watoto walivyozidi kula nyasi, maziwa yalipunguzwa polepole mpaka yakaachwa kabisa. Matumbo yote yakawa flaneli. Kila mtoto alipata jina la utani, na fundi aliwatambua wote kwa kuwagusa masikio.

Siku moja Mama Vizimba alibisha hodi. Alikuwa amebeba boksi.

"Kaka, hawa mama yao amekufa. Maziwa nimewapa, lakini matumbo yao yananitia wasiwasi. Vidole vyangu si kama vyako. Nipapasie."

 Fundi akafuta mikono kwenye shati, akaingiza vidole taratibu ndani ya boksi.

"Flaneli," alisema. "Flaneli. Huyu naye flaneli. Ila wana baridi, dada." Akageuka. "Mke wangu, niletee ile shuka ya kwenye cherehani, tufunike boksi."

Mkewe aliingia ndani haraka kuivuta, ili wasimwone analia.