Taa za Matanga

Kila asubuhi Mwelu aliketi mbele kando ya baba yake, Wathome, magunia ya sukuma wiki yakiwa nyuma, wakateremka kwenda mjini Machakos. Gari lao lilikuwa kuukuu, la kutoka ng'ambo, na lilikuwa na tabia yake. Injini ikinguruma tu, taa za mbele zinawaka zenyewe, hata jua likiwa utosini. Na watu wa huko wanajua gari linalowasha taa mchana limo katika msafara wa mazishi. Likipita, wazee walivua kofia.

Shuleni mwanafunzi mwenzake, Nzau, hakumpa nafasi. "Mwelu, leo mnazika nani?" Darasa likaangua kicheko.

"Waache wacheke," Baba alisema. "Ni wangapi huvuliwa kofia wakiwa hai?"

Jumamosi fundi Masila alifungua boneti, akagusa kisanduku cheusi. "Hii rilei ndiyo inawasha taa mchana. Nitarudi niitoe. Lakini hizi fyuzi ni za taa zenyewe. Msiziguse, mtabaki giza."

Mwelu alisikia kwa sikio moja. La pili lilikuwa bado lina kicheko cha Nzau. Jumapili, watu wakila, alinyemelea gari, akang'oa fyuzi mbili, akazitia mfukoni.

Jumatatu kulikuwa na ukungu mzito, ule wa Julai. Baba aliwasha injini, taa zikakaa kimya. "Kumbe Masila alipita jana tukiwa kanisani!" akafurahi. Ukungu ulipozidi, akazungusha swichi ya taa, akaendesha bila kushuka kutazama kama zimewaka. Mwelu aliuona mkono wake ukizungusha swichi. Alitaka kusema. Ulimi ukawa mzito kama jiwe la kusagia.

Ndolo, kijana wa bodaboda, alitokea njia ya pembeni. Kishindo kikawa kimoja tu. Pikipiki ikalala mtaroni, na Ndolo akalia huku mguu wake umegeukia mahali mguu haugeukii.

"Mzee, mbona huna taa?" watu wakafoka.

"Nimewasha! Muulizeni Masila, ndiye aliyelishika hili gari!"

Ndolo akapelekwa hospitali. Polisi wakamleta Masila, mikono bado ina grisi. "Afande, sijarudi kwa huyu mzee tangu Jumamosi."

"Fundi wa kubahatisha!" mtu akapayuka. "Mfungeni!"

Mwelu akaona polisi wakimshika Masila mkono, ndipo akasukuma watu akapita, akafungua kiganja chenye fyuzi mbili.

"Ni mimi. Nilizitoa mimi. Walikuwa wananicheka."

Polisi akamwachilia Masila, akaandika taarifa upya. Baba akamwomba fundi msamaha mbele ya wote, akakiri kwamba yeye pia alipaswa kushuka atazame taa.

Jioni Masila alirudisha fyuzi na kutoa ile rilei. Kazi yenyewe haikuchukua hata muda wa kunywa kikombe cha chai. Tangu hapo taa ziliwaka zilipowashwa tu.

Kesho yake walimkuta Ndolo kitandani, mguu umefungwa plasta hadi pajani. Mwelu alilia, akaomba msamaha. Ndolo alimtazama. "Nimesikia," akasema, akageukia ukuta.

Nje ya wodi Baba akachutama, akamshika mabega.

"Mwanangu, kuchekwa kunauma, lakini hakuvunji mfupa. Hata pale kwenye ukungu, neno lako moja lingetosha. Ungesema, tungetafuta dawa ya taa. Ulinyamaza, sasa tunatafuta dawa ya mguu wa mwenzetu."