Rangi Asizoziona Baba

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Kidoti alimchagulia baba yake soksi. Baba hakuweza kutofautisha nyekundu na kijani. Kwake zote zilifanana na udongo. Siku aliyojichagulia mwenyewe, alivaa moja nyekundu na moja ya kijani, na wenzake kazini walimwita Kasuku wiki nzima, wakidhani amevaa kwa haraka tu.

"Haya yabaki humu ndani," Baba alimwonya Kidoti. "Fundi bomba asiyeona rangi, nani atampa kazi?"

Baba alifanya kazi katika kiwanda cha sabuni. Humo, bomba la kijani lilipitisha maji na bomba jekundu lilipitisha mvuke wa moto. Hakuwahi kukosea, kwa sababu mabomba aliyazoea, na joto la mvuke alilisikia hata kabla ya kugusa bomba.

Likizo ilipofika, boila, tangi la kuchemshia maji ya mvuke, ilizimwa kwa matengenezo na mabomba yote yakapoa. Mengi yaliwekwa mapya, na Baba akaambiwa ayapake rangi. Jumamosi mchana Kidoti alimpelekea chakula.

"Nimemaliza, mwanangu," Baba alisema akiwa juu ya ngazi. "Jumatatu boila inawashwa."

Kidoti akainua macho. Bomba jekundu lilitoka kwenye boila, likapita ukutani, na baada ya kona likawa la kijani hadi kwenye koki iliyo juu ya karo la kuoshea, kando ya koki ya maji.

"Baba, pale kwenye kona umebadilisha kopo la rangi."

Baba alishuka taratibu. Aliyainua makopo, akayageuza huku na huku. Maandishi yalikuwa yamefunikwa na rangi.

"Tupake upya sasa hivi," Kidoti alisema. "Nitakuonyesha."

"Nyekundu imekwisha. Nikiomba nyingine, msimamizi atauliza kwa nini." Baba alijifuta uso. "Iache. Watajua wenyewe kwamba ni la moto."

"Watajua kwa mikono yao, Baba? Anayeosha hapa kiwandani ni Mama Mdogo, shemeji yako. Jumatatu atafungua la kijani ajaze ndoo."

"Nikifukuzwa mtakula nini?"

Machozi yalimtoka Kidoti, lakini hakuondoka pale chini ya koki. Baba akaweka brashi chini, akamshika mkono, wakaenda ofisini.

Msimamizi, mwanamke mkali aliyeitwa Mama Filimbi, alimsikiliza Baba mpaka mwisho.

"Miaka yote hii umefunga koki zangu bila kuona rangi?"

"Ndiyo, mama."

"Hasira ninayo, na haitaisha leo. Brashi hutaishika tena. Kuunga mabomba utaendelea, maana hapo sina wa kukushinda." Akachukua kalamu. "Na sisi tumekosea kutegemea rangi peke yake. Huenda si wewe peke yako usiyeziona."

Jioni ile bomba lilipakwa nyekundu kuanzia kwenye kona hadi kwenye koki. Kila bomba likaandikwa kwa herufi kubwa, MAJI au MVUKE, na mshale wa kuonyesha linakoelekea.

Jumatatu Mama Mdogo aliingia na ndoo yake. Alisoma, akaipita koki ya mvuke, akafungua ya maji. Maji yalitoka baridi.

Baba alimsimulia Kidoti hayo usiku, akiwa ameinamisha kichwa.

"Nilikubebesha siri ambayo ingemuunguza mtu," alisema. "Siri ya namna hiyo usiibebe tena, mwanangu. Hata nikikuomba mimi."