Swali la Bibi Kuhusu Nyota Yenye Mkia

Kila alasiri Miska alipanda ngazi hadi ghorofa ya tano. Lifti ya jengo lao pale Edmonton, ughaibuni, ilikuwa mbovu tangu Ramadhani, na wenye dhamana hawakushughulika. Wao hawakai humo. Akishafika, humpigia simu ya video bibi yake aliyeko Pemba. Ndiye aliyemfunza Kiswahili.

Mara ya mwisho Miska alimsimulia Bibi habari ya chombo kisicho na mtu, kilichosafiri angani miaka kumi kikatua juu ya nyota yenye mkia, kuichunguza.

"Na kitarudi lini, mjukuu wangu?" Bibi aliuliza.

"Sijui, Bibi. Nitamwuliza mwalimu."

Mwalimu Ushma alimweleza kwamba hakirudi. Kilipogusa chini kilidunda, kikaangukia kivulini, jua lisikifikie, betri ikaisha. Ila kabla ya kunyamaza kilipeleka nyumbani habari za nyota ile.

Miska akarudi mbio na jibu lake.

"Bibi kalala," alisema baba yake, Mansour.

Kesho yake akasema mtandao mbovu. Siku iliyofuata, Bibi anaumwa kidogo, amwombee. Lakini baba alikuwa na tasbihi mkononi na macho mekundu.

"Baba," Miska alisema polepole, "chombo kile kiliponyamaza, waliokirusha waliwaambia watu kimenyamaza. Bibi naye kanyamaza?"

Mansour akaketi.

"Bibi yako tumeshamzika, mwanangu. Yaani wamemzika ndugu zangu kule Pemba. Niliomba ruhusa nikamzike mama yangu, bosi akasema hana mtu wa kushika zamu yangu. Kama mama ana zamu ya pili ya kufa. Na wewe nikakuficha. Kwetu mtu aliye mbali haambiwi msiba ghafla; huambiwa mgonjwa kwanza, moyo uzoee. Nilidhani nakuhurumia."

"Mie nilikuwa namwekea jibu lake," Miska alisema, machozi yakimtoka.

"Basi niambie mimi."

Akamweleza yote: kudunda, kivuli, betri, mpaka kunyamaza. Baba alisikiliza hadi mwisho, kisha akamfuta machozi kwa upindo wa kanzu.

"Bosi ana lake, lakini hili ni kosa langu," alisema. "Msiba haupungui kwa kufichwa, Miska. Mie nimelia siku zangu peke yangu, na wewe sasa unaanza zako. Tungeambiana kweli siku ileile, tungelia pamoja."

Wakainua mikono, wakamsomea Bibi Fatiha.