Kilo Thelathini na Saba za Shemeji

Jioni ile nilitoka nyumbani na begi la spana na bisibisi, nikamwambia mke wangu nitarudi kabla chakula hakijapoa. Kazi ilikuwa ndogo. Kiwanda cha chakula cha kuku, mizani yake imeunguzwa na radi, kontrola mpya imekuja kwenye boksi, na wa kuiunganisha ndiye mimi. Kazi hiyo naifanya huku napiga soga.

Ila mchana dada yangu alikuwa amenipigia simu.

"Ukifika huko msikilize shemeji yako," alisema. "Atakachokuambia, fanya. Nakuomba usimcheke."

"Ana nini tena?"

"Anakwisha, mdogo wangu."

Mume wa dada ndiye aliyeendesha mitambo pale kiwandani. Watu walimwita Tani, na hawakumwonea. Akikaa kwenye kochi, wewe uliyeko upande wa pili unanyanyuka. Nilikuwa sijamwona tangu mvua zianze. Aliponifungulia mlango, nilichungulia nyuma yake nikimtafuta Tani yuko wapi.

Ndiye huyohuyo. Suruali kaikaza kwa kamba. Mashavu yameingia ndani. Hospitali walishampima kila kitu wasione ugonjwa.

"Shemeji, umekuwa fito," nikamtania, maana ndivyo tulivyozoeana.

Hakucheka. Nikaona aibu.

Wenzake walishaondoka. Ndani taa moja tu ilikuwa inawaka, na palinuka udongo mbichi. Hapo ndipo nilipoanza kukosa raha. Kiwanda cha pumba hakinuki udongo mbichi.

Hopa lilikuwa katikati. Ni pipa kubwa la chuma la pembe nne, juu wazi, chini limechongoka, nalo limekalia lodiseli nne, kila kona moja. Lodiseli ni kipande cha chuma cha ukubwa wa kiganja. Uzito ukikibana, kinatuma umeme mdogo sana kwenye waya, na kontrola inaugeuza kuwa kilo. Hivyo ndivyo mahindi, pumba na mashudu yanavyopimwa kabla ya kuchanganywa.

Shemeji akanisogelea. Akanong'ona, utadhani hopa lina masikio.

"Mara ya mwisho bosi alileta fundi mgeni. Hakuwa na mawe ya kupimia. Akasema niingie mimi."

Sikushangaa. Mawe yakikosekana, sisi mafundi humpandisha mtu ambaye kilo zake zinajulikana. Si vizuri, lakini tunafanya.

"Nikiwa ndani akabonyeza sifuri," shemeji akaendelea. "Akacheka. Akasema, basi, imekujua. Tangu siku ile napungua. Na hili hopa, mpaka radi ilipopiga, likiwa tupu lilikuwa linasoma kilo."

"Umepungua ngapi?"

"Thelathini na saba. Unganisha uone mwenyewe. Ila sifuri usiiguse."

Nilitaka kumwambia aache mambo ya ajabu. Nikamkumbuka dada, nikafunga mdomo, nikafungua begi.

Nikaingiza nyaya kwenye kontrola, kona moja baada ya nyingine. Nikakaza skrubu, nikaunganisha waya wa ardhi, nikawasha. Ubavuni mwa hopa kuna kibao kinachotaja uzito wa chuma chenyewe, kilo 180. Huo ndio ambao fundi huufuta mwishoni kwa kubonyeza sifuri, ili mizani ihesabu mzigo peke yake.

Skrini ikasoma 217.

Nikapanda ngazi, nikamulika ndani. Labda kuna mtu kasahau kifaa. Hamkuwa na kitu, hata punje. Nikashuka, nikalegeza kila waya, nikakaza upya.

217.

Kontrola hizi mpya zinaonyesha kila kona peke yake. Nikafungua ukurasa huo. Kona tatu zilisoma 45 kila moja. Ya nne ilisoma 82. Nikajisemea, haya, lodiseli hii ndiyo mbovu. Nikashika spana niifungue.

Ile namba ikashuka. 70... 58... 45.

Kona ya jirani ikapanda. Ikafika 82, ikatulia kidogo, ikashuka. Ikapanda ya pili yake. Taratibu, kona kwa kona, inazunguka. Na kwenye chuma, sauti ndogo mno.

Kap... kap... kap...

Ndani ya hopa tupu, kuna mtu alikuwa anatembea.

Miguu ilitaka mlango, lakini shemeji alikuwa ameshanishika mkono, na vidole vyake vilikuwa mifupa mitupu.

"Huyo ndiye mimi," akanong'ona. "Naingia, nauchukua uzito wangu, nashuka nao. Wewe tazama tu. Tia mikono mfukoni."

"Shemeji, tumwite mtu kwanza."

"Tumwite nani? Kesho sitaweza kupanda ngazi."

Akapanda. Nikatia mikono mfukoni.

Alipokanyaga ndani, jumla ikapanda mpaka 275. Sauti ya nyayo ikakoma. Kwenye skrini niliwaona wawili, mmoja kona hii, mwingine ile ya mkabala. Yule mwingine akaanza kusogea. Akapita kona ya katikati. Akafika aliposimama shemeji.

Kona moja ikabeba wote wawili.

Halafu namba ikaanza kukimbia. 300... 340... 500... Fremu ikalia. King'ora cha mzigo kuzidi kikapiga. Na katikati ya kelele ile, shemeji akaniita kwa sauti ndogo ya mtoto aliyeamshwa usingizini.

"Shemeji..."

Mikono ilikuwa mfukoni. Naapa ilikuwa mfukoni. Lakini fundi wa mizani, skrini ikimchachamalia, kidole chake hakingoji ruhusa. Miaka yote kimefundishwa kwenda pahali pamoja.

Nikabonyeza sifuri.

0.0

King'ora kikanyamaza. Harufu ya udongo ikakatika.

Nikakimbilia ngazi. Shemeji alikuwa amejikunja chini kabisa, macho wazi, anapumua. Nikainama, nikamshika ukosi nimvute. Akaja. Mtu mzima, kwa mkono mmoja, kama shati unalolianua kambani.

Nikashuka naye, nikamwegemeza ukutani. Ndipo nikaitazama skrini. Nilibonyeza sifuri yeye akiwa ndani, kwa hiyo nilipomtoa, mizani ilipaswa kushuka chini ya sifuri kwa kiasi cha uzito wake.

Ilisoma 0.0.

Nilihangaika. Sifuri ya awali nilikuwa naikumbuka, nikairudisha kwa mkono, nikaomba zile kilo zirudi. Skrini ikasoma 180. Hopa tupu, kama kibao kinavyosema. Nikapigapiga chuma kwa ngumi. Nikalia. 180. Katika kazi yangu yote sijawahi kuona mizani sahihi kama ile.

Bosi akaingia bila kuitwa. Akaikagua skrini, hakutazama ukutani.

"Safi," akasema kwa upole. "Sasa imekaa sawa."

Nilimpeleka shemeji nyumbani nimempakata. Dada akafungua mlango. "Umefanya alivyokuambia?" Nikamkabidhi mumewe, akampokea mikononi, na baada ya hapo hakuuliza tena.

Hakumaliza wiki.

Siku ya mazishi tulibeba jeneza watu wanne, kila mmoja kona yake. Lilikuwa jepesi kama halijatiwa mtu. Wenzangu walitupiana macho. Tulikuwa tumekaribia kaburi pale mwenzangu wa mbele alipoyumba, akajishika goti. Akakaa sawa. Kisha akayumba wa upande wa pili. Kisha wa nyuma yake.

Mimi nilijua uzito ule unakokwenda. Nilitamani kuliachia, lakini unaliachiaje jeneza la shemeji yako, dada yako anatazama?

Ukafika begani mwangu. Wenzangu wakaendelea kutembea wepesi, mimi nimeinama.

Jeneza likashushwa. Bega halikunyanyuka.

Mizani bado natengeneza, sina kazi nyingine. Kupanda juu yake, sipandi. Mke wangu anasema nalala upande mmoja, kitanda kinabonyea. Dada huja jioni, hakai. Husimama nyuma yangu, akaweka kiganja kwenye bega lile, akakiacha hapo kitambo, kama anayemgusa mtu aliyelala.

"Yupo," huniambia. Kisha hujifunga khanga, akarudi kwake.