Usilale Merida

Lea alikuwa na miaka sita, hajui kusoma, na mji wa mbali kuliko yote aliowahi kuusikia ulikuwa Tanga. Kwa hiyo mchana ule aliposhusha kijiko cha makande na kusema, "Tampiko kuna moto," mama yake, Rogathe, alidhani ni maneno ya mchezo.

"Tampiko ndiyo nini, mwanangu?"

"Sijui," Lea alisema, akaendelea kula.

Aliyeacha kula alikuwa baba yake.

Fanueli alikuwa mpanga madaraja wa katani katika shamba la mkonge chini ya milima ya Upare, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka stesheni ya Same. Alikuwa mtu wa Chome, Mlutheri, mpole, na vidole vyake vilikuwa na sifa: angeshika uzi wa katani akiwa amefumba macho akakwambia ni daraja la kwanza au la tatu, na hakosei. Kwa ajili ya vidole hivyo, mwenye shamba, Mgiriki waliyemwita Bwana Kosta, aliamua mwaka ule wa 1953 kufuatana naye Meksiko, nchi ulikotoka mkonge, wakatazame mashine na miche mipya.

"Barua za wakala hizi hapa," Bwana Kosta alikuwa amemwambia, akimsukumia bahasha na ramani. "Ametaja miji minne. Tampiko, Puebla, Progreso na Merida. Mimi moyo wangu mbovu, na wewe ni mtu mweusi unakwenda nchi usiyoijua. Soma, halafu uniambie tupite wapi na tulale wapi, ili turudi wazima wote wawili."

Barua hizo zilifungiwa ofisini. Fanueli hakuwa amemtajia mtu jina hata moja.

Siku ya nne ikaja simu ya maandishi kutoka kwa wakala. Nyumba ya wageni iliyokusudiwa kule Tampiko ilikuwa imeteketea, na watu wamekufa ndani. Fanueli aliisoma mara tatu, akakata Tampiko kwa kalamu, akaenda nyumbani kabla ya saa ya kutoka kazini.

Nyumba yao ilikuwa ya mawe, ya tangu enzi ya Mjerumani, kando ya mkonge wa kwanza kabisa uliopandwa pale. Saa sita mchana mashine ya kuchakata mkonge, ambayo kila mtu aliiita korona, ilizimwa ili watu wale, na uwanda wote ukanyamaza chini ya jua. Fanueli alikuwa ndiyo kwanza anafika kizingitini aliposikia korona ikinguruma tena, lakini kwa mbali na kwa udogo, kama imefungiwa ndani ya mtungi. Akasimama. Sauti ilitoka chumbani.

Lea alikuwa amekaa sakafuni, uso ukutani, na Rogathe amesimama mlangoni na mkono mdomoni. Mngurumo ulitoka kooni mwa mtoto. Chumba kizima kilinuka maji chachu ya mabaki ya mkonge, harufu ile ya kiwandani ambayo Rogathe hakuiruhusu kuvuka mlango hata kwenye nguo za mumewe.

"Puebla," Lea alisema bila kugeuka, na sauti ilikuwa ya mtu mzima, kavu, isiyo na haraka. "Kuna mtu na kisu nyuma ya mlango. Usiende. Progreso, maji meusi yatapanda mpaka kitandani. Usilale." Kisha ikawa laini, karibu ya upendo. "Merida. Merida pako salama. Merida nitakupokea."

Mtoto akaangukia ubavu, akalala usingizi mpaka jioni, na alipoamka aliomba maji tu.

"Umemsikia," Rogathe alinong'ona walipokaa nje, migongo yao ukutani, hawataki kuingia. "Baba Lea, umesikia sauti ile?"

"Nimesikia. Na Tampiko imeungua kweli."

"Kwa hiyo unashukuru?"

"Nasema kwamba kitu hicho kinajua. Kama kinajua palipo na hatari, kimetutakia uzima."

Rogathe alikuwa mtu wa Ngujini, Ugweno, binti wa mkulima wa kahawa, na hakuwa mwepesi wa kufurahia zawadi. "Kitu kinachomtakia mtu uzima hakimkabi mtoto wake koo," alisema. "Anayekuchagulia njia ana haja yake mwishoni mwa njia."

Kwa juma zima ilikuwa hivyo, kila saa sita korona iliponyamaza. Mzee wa kanisa alikuja akaomba, Lea akatulia, na mzee alipofika barabarani ngurumo ikaanza upya. Mtoto alikonda. Nyuzi nyeupe zilianza kuonekana kwenye mate yake, ndefu, safi, na Fanueli alipoushika mmoja vidole vyake vilijua vyenyewe, kabla hajataka kujua, kwamba ilikuwa katani ya daraja la kwanza.

Ndipo Rogathe alipojifunga kanga, akaenda Same bila kumwambia mzee wa kanisa, akarudi na Mwanahalima, mwanamke wa makamo aliyekaa nyuma ya stesheni na aliyesemekana kuzungumza na majini kama mtu anavyozungumza na majirani. Mwanahalima hakuja na ngoma. Alikuja na chetezo na ubani, akaomba mkeka, akakaa mbele ya Lea kabla ya saa sita, akangoja.

Korona ilipozimwa, moshi wa ubani uliokuwa ukipanda wima uliinama, ukamwelekea mtoto, ukaingia mdomoni mwake wote na haukutoka.

"Karibu mgeni," Mwanahalima alisema kwa upole. "Umekuja kwa nani?"

"Sikuja. Nililetwa."

"Nani alikuleta?"

"Waliong'oa miche. Nilikuwa kwenye mzizi. Wakanitia sandukuni, wakanivusha maji, wakanifukia hapa kwenye vumbi. Miaka sitini nasikia watu wakipita juu yangu wakisema Kiswahili. Nimejifunza." Kifua cha mtoto hakikupanda wala kushuka. "Nataka kwenda kwetu."

"Akupeleke nani?"

Mkono mdogo wa Lea uliinuka, ukamwelekea Fanueli.

Mwanahalima alizungumza nacho kwa muda mrefu, mara akikibembeleza, mara akikikaripia, na mwisho alitoka nje amelowa jasho, akanawa uso, akawaita baba na mama chini ya upenu.

"Kitamwacha mtoto leo hii," alisema taratibu. "Lakini baba yake lazima akichukue. Utachimba kipande cha mzizi wa mkonge ule mkongwe, utakifunga katika kitambaa, utakifukia kule Merida mchana, jua likiwa juu. Ukiitwa jina lako usiitike. Na sikiliza sana, baba. Mji huo uingie na kutoka. Usilale humo. Mtu akilala roho yake huwa mlango wazi, na hicho kiko kwao, kina nguvu za kwao."

"Nilale wapi, mama?" Fanueli aliuliza. "Tampiko imeungua. Puebla kuna kisu. Progreso ndiko karibu nayo, pwani, lakini kimesema..."

"Nani amesema?"

Fanueli akageuka, akautazama mlango wa chumba alimokuwa mtoto.

"Lala Progreso," Mwanahalima alisema. "Hata kama maji yatapanda kitandani, lala humo ukiwa umelowa."

Jioni ile Lea aliomba ugali, akala, akacheka kwa kitu kisichochekesha, na Rogathe alijifungia jikoni akalia. Wiki mbili baadaye alimsindikiza mumewe stesheni. Gari moshi lilipopiga honi alimshika koti, juu ya mfuko wenye mzizi uliofungwa kitambaa.

"Niahidi. Progreso."

"Nakuahidi, Mama Lea." Lakini macho yake yalikuwa ya mtu aliyeona simu ya Tampiko, na Rogathe aliona hivyo, akajua kwamba mwanamume huyu anayekwenda nchi ya mbali, asiyejua kuogelea, atalala ufukweni akiyasikiliza maji gizani, na atakumbuka kwamba kuna mji mmoja tu alioambiwa ni salama.

Alirudi baada ya miezi minne.

Alirudi mzima, amekonda kidogo, na kofia ya ukili na kitambaa chekundu kwa mkewe. Alimbeba Lea begani tangu stesheni. Bwana Kosta aliwaambia watu kwamba safari ilikuwa njema, na kwamba Fanueli alimshangaza, maana kufika siku ya mwisho alikuwa akiongea na wakulima wa kule bila mkalimani.

"Ulilala wapi?" Rogathe alimuuliza, akimkaangia ndizi.

"Merida. Palikuwa salama."

Kijiko kilimponyoka. Yeye alikiokota, akakifuta, akampa, akatabasamu.

Rogathe alijiambia kwamba ni uchovu wake mwenyewe. Mtu huyu alikuwa mwema. Alichota maji bila kuombwa. Hakuwahi kuinua sauti. Kila saa sita mchana alikwenda kusimama katikati ya mkonge ule mkongwe bila kofia, kimya, halafu akarudi kazini.

Siku ya tano mama yake Fanueli, bibi Ernesta, aliteremka kutoka Chome na kikapu cha magimbi, ana hamu ya kumwona mwanawe. Rogathe na mumewe nyumbani walizungumza Kiswahili tangu walipooana, maana Rogathe alikuwa Mgweno na lugha zao za nyumbani hazikupatana; lakini bibi Ernesta na mwanawe hawakuwahi kusemezana ila kwa Kichasu, lugha ya kwao Chome. Mama alimkumbatia, akamwuliza neno refu la Kichasu, sauti ikitetemeka kwa furaha.

Yeye alitabasamu tu.

Mama akarudia. Akauliza la tatu, fupi, swali ambalo mtoto wa Chome wa miaka miwili angelijibu.

"Karibu, mama," alisema kwa Kiswahili. "Karibu ukae."

Bibi Ernesta aliketi, akanawa mikono bila kumwondolea macho. Alipotoka nje kumwaga maji ya kunawa alimshika Rogathe mkono, kucha zikimzama. "Nimemwuliza jina la babu yake," alinong'ona. "Nimemwuliza jina langu. Mwanangu, yule aliye ndani ni nani?"

Rogathe aliingia peke yake. Yule alikuwa amekaa kitini, mikono magotini, mchana mweupe ukimpiga usoni, na harufu ya maji chachu ikijaa polepole kama kisima kinavyojaa.

"Mume wangu yuko wapi?"

Hakubisha. Alimtazama kwa huruma.

"Amelala kule alikonifukia," alisema. "Ardhi ile ni nyepesi kuliko hii. Haimwumizi. Alikuwa na hofu sana ya maji, Mama Lea. Nilimwita usiku jina lake, akaitika."

"Wewe ulitaka kwenu. Ulifika kwenu. Mbona umerudi?"

Sauti ile kavu ilipojibu ilikuwa imepasuka. "Nilitembea siku tatu nikiita. Hakuna aliyebaki anayelijua jina langu. Pote pamejengwa. Nikafikiri, nani mwingine ananijua duniani? Nikaikumbuka nyumba hii, na sauti ya mtoto, na wewe unavyoimba asubuhi ukiosha vyombo, miaka yote hiyo mkiwa juu yangu hamjui kuwa nasikiliza. Sikutaka ubaya. Sina kwingine."

Rogathe alimchukua Lea mgongoni, akamshika bibi Ernesta mkono, wakapanda milima siku ileile bila kubeba hata sufuria, wakipita mabonde na kupanda tena, wakigeuka nyuma kila mahali njia ilipojikunja, na uwanda chini yao ulikuwa mtupu, hakuna aliyewafuata, na hilo liliwaogopesha kuliko kama wangemwona, kwa sababu mtu asiyekimbiza ni mtu anayejua mnakokwenda.

Kule Chome, chini ya msitu wa Shengena, bibi Ernesta aliwaambia ndugu kwamba mwanawe amekufa ng'ambo na kwamba atazikwa, mwili uwepo usiwepo. Watu walinong'onezana. Wengine walikuwa wamemwona Fanueli Same kwa macho yao, amevaa kofia ya ukili, akiwasalimia. Lakini mama akisema mwanawe amekufa, nani wa kumkatalia? Walichimba kaburi kando ya migomba, wakatia ndani shuka lake na Biblia yake, na Eliufoo, nduguye mkubwa, akashika jembe.

Ndipo uimbaji ulipokatika, kwanza nyuma, halafu katikati, halafu mbele, mpaka ikabaki sauti moja ya mzee asiyeona vizuri.

Alikuwa anakuja kwa njia ya chini, peke yake, kofia mkononi, viatu vimejaa matope ya mlimani. Watu walimpisha. Wanawake walificha watoto ndani ya kanga. Hakumtazama yeyote. Alifika ukingoni, akatazama chini kwa muda mrefu, machozi yakimtiririka mashavuni bila kelele, kisha akalitwaa jembe kutoka mikononi mwa Eliufoo, ambaye hakuwa na nguvu ya kulizuia, akaanza kufukia. Alifukia peke yake, polepole, kwa adabu, mpaka udongo ukafanya tuta.

Alipomaliza alijipangusa viganja kwenye suruali. Akamwendea Rogathe, akainama kidogo, akamshika mkono kwa mikono yake miwili kama wafanyavyo watu wote msibani. Vidole vilikuwa vya Fanueli, na vilikuwa vya moto.

"Pole sana, mama," alisema. "Nilimfahamu. Alikuwa mtu mwema."

Kisha akaenda kukaa kwenye benchi la wafiwa, akaacha nafasi mbili kando yake, moja kubwa na moja ndogo, akangoja.